Jumamosi za Mpishi Mkuu

Siku tulipoambiwa kwamba sisi si watu wa chuo kikuu tena, tulikuwa tunamenya viazi. Mkuu wa ofisi ya wafanyakazi alisimama mlangoni mwa jikoni, hakutaka kuingia kwa sababu sakafu ilikuwa na maji, akatusomea tangazo akiwa pale pale. Chuo kimeunda kampuni. Kampuni itaendesha nyumba ya wageni hapa Homa Bay karibu na ziwa, mabwawa ya samaki, na maabara ya kupima mawe ya dhahabu kule Osiri kwa wachimbaji wadogo. Sisi wa jikoni tumehamishiwa kampuni. Sare ni ile ile, geti ni lile lile, nembo kifuani ni ile ile. Kitakachobadilika, alisema, ni karatasi tu.

Mimi ni mtu wa Kehancha, na mtu akiniambia jambo ni karatasi tu, nashika mkoba wangu vizuri. Nikamuuliza mshahara utatoka wapi. Akasema kampuni. Nikamuuliza kampuni ni ya nani. Akasema ya chuo. "Sasa tumehama tukitoka wapi tukienda wapi?" nikauliza, na wenzangu wakaangua kicheko, maana walikuwa wamezoea mdomo wangu. Yeye hakucheka. Alisema kanuni za mishahara zitakuja, na kila mtu atasomewa zake.

Aliyekuwa upande wa pili wa beseni la viazi hakucheka pia. Alikuwa mpishi mkuu wetu, mwanamke wa upande wa Magunga, mkubwa kwangu kwa umri na kwa kila kitu kingine, mjane, mpole hadi ananikera. Tulikuwa tumepika pamoja tangu enzi za jiko la wanafunzi. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilimwita dada, naye aliniita nyar Kuria, binti wa Wakuria, hata mbele ya wageni.

Kati yetu kulikuwa na mpango ambao hakuna aliyetupangia. Yeye ni Msabato, mimi ni Mkatoliki. Kwenye ubao wa zamu, mpishi mkuu alikuwa wa Jumamosi, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku ya harusi na semina, na msaidizi alikuwa wa Jumapili. Ndivyo ubao ulivyosema. Jikoni mambo yalikuwa mengine. Ijumaa jua likikaribia kuzama, alikuwa ananawa mikono, anavua aproni na kunipa mwiko. "Jiko lako," anasema, basi. Nalishika hadi jioni ya siku ya pili. Jumapili asubuhi anarudi yeye, nami naenda kanisani kuimba sauti ya pili.

Hatukuwa peke yetu. Mtunza stoo na mwosha vyombo walibadilishana hivyo hivyo, na mabinti wawili wa kutandika vitanda pia. Nusu yetu walikuwa Wasabato, nusu ni sisi wengine, na tulikuwa tunataniana kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyepanga zamu za nyumba ile. Meneja alijua. Mradi chakula kiko mezani, hakuuliza ni mkono wa nani uliokoroga.

Ili mtu aelewe kilichotokea baadaye, lazima ajue kuhusu mtoto. Rafiki yangu alikuwa na binti mmoja, msichana wa sekondari, mrefu, mwembamba, mwenye macho yenye umanjano kidogo. Alizaliwa na seli mundu, ule ugonjwa wa damu ambao huku kando ya ziwa sijui kama kuna ukoo usioujua. Akipigwa na baridi, akichoka, akikosa maji ya kutosha, mifupa inamshika, na maumivu yake si ya kusimuliwa. Nimemwona akiuma shuka. Mama yake alikuwa na kadi ya bima ya matibabu iliyotoka kazini, na kadi ile aliiweka ndani ya Biblia. Hakuiweka hapo kwa ibada yoyote. Alisema Biblia ndiyo kitu cha kwanza mkono wake unashika mtoto akilia.

Kanuni za mishahara zikaja na mtu wake. Alikuwa ofisa kutoka kampasi kuu, kijana nadhifu, mchovu, aliyepitia Osiri kwanza kuwasomea watu wa maabara na bado alikuwa na vumbi jekundu kwenye viatu. Sitaki kumsingizia ubaya. Alitusalimia kwa heshima, akatuita mama kila mmoja wetu, akanywa chai yetu na kuisifu. Tukakaa ukumbini kwenye viti vile vyenye vitambaa vya harusi ya Jumamosi iliyotangulia.

Alitueleza taratibu. Serikali haitaki tena kampuni za vyuo zijilipie zinavyotaka. Kuna waliojipandishia mishahara kwa mlango wa nyuma, kuna waliokula huku na huku, mshahara wa chuo na wa kampuni kwa kazi moja. Kwa hiyo sasa kila kazi itakuwa na daraja, kila daraja na malipo yake, na baraza la chuo litapitisha yote. Kampuni haiwezi kulipa kitu ambacho baraza halikupitisha. Tukatikisa vichwa. Kwa kweli mambo yale yalisikika vizuri. Sisi ndio tuliokuwa tukiona magari ya wakubwa.

Akafika jikoni. Mpishi mkuu, daraja la juu: mshahara huu, zamu ya Jumamosi ni lazima, bima ya matibabu kwa mfanyakazi na watoto wake. Msaidizi, daraja la chini: mshahara huu, zamu ya Jumapili, bima ya mfanyakazi peke yake. Mimi sina mtoto mgonjwa, na sikuona tatizo. Rafiki yangu aliuliza kwa sauti ndogo kama bima hiyo inalipia kliniki ya seli mundu. Ofisa akaangalia, akasema inalipia. Nikamwona akishusha pumzi.

Kisha yule kijana akasema sentensi ambayo nimeirudia kichwani hadi imechakaa. "Mama, wewe kwa ubao tayari uko Jumamosi, kwa hivyo kwako hakuna kitu inabadilika. Ni kusaini tu."

Ilikuwa imebaki kalamu. Angesema ndiyo, tungeendelea na mpango wetu kimya kimya jinsi tulivyouendesha miaka yote. Hata meneja, aliyekuwa ameketi kando, alikuwa anautazama ukuta kama mtu anayemwomba Mungu watu wanyamaze. Rafiki yangu akasimama. Alisimama kabisa, kama anavyosimama kanisani kutoa ushuhuda.

"Hapana," akasema. "Ubao inasema hivyo, lakini mimi sijawahi kupika Jumamosi hata moja. Mimi ni Msabato. Huyu nyar Kuria ndiye hunisaidia, na mimi namsaidia Jumapili. Tumesaidiana hivyo tangu zamani na hakuna mgeni amelala njaa."

Alilisema kwa fahari! Hapo ndipo ninaposhindwa, hadi leo. Wala hakulisema kama siri inayomtoka. Alidhani anampa yule kijana habari njema ya kupelekea wakubwa. Na wenzetu, badala ya kumvuta aproni akae, wakamuunga mkono. Mtunza stoo akasema hata yeye. Mwosha vyombo akasema hata sisi. Mabinti wa vitanda wakainua mikono wakitabasamu. Sijui ni wapi pengine duniani ambapo wafanyakazi watajipanga mbele ya mtu wa mishahara kumweleza jinsi ubao wao wa zamu ulivyo wa uongo, huku wakingoja kusifiwa. Sisi tulingoja. Tulidhani jambo jema likisemwa mbele ya mkubwa litaandikwa liwe kanuni.

Kijana aliweka kalamu chini. Alionekana kuumia, nalisema hilo kwa haki yake. Akatueleza polepole. Msaidizi akifanya kazi ya daraja la juu, ni lazima alipwe malipo ya daraja la juu kwa siku hiyo. Sheria inamlinda asinyonywe. Lakini malipo hayo ya ziada baraza halikuyapitisha, kwa hiyo kampuni haiwezi kumlipa. Na kwa kuwa haiwezi kumlipa, haiwezi kumruhusu.

"Mimi sitaki hiyo malipo," nikasema.

"Mama, sheria haikuulizi unataka nini."

"Nani amenionea? Umesikia mimi nikilia?"

"Iko hivyo ili mtu asionewe."

Nikamwomba anipe kile kitabu chake. Huwa sivumilii kusomewa kitu ninachoweza kujisomea. Nikapekua hadi sehemu ya wahadhiri wanaofanyia kampuni kazi ya ushauri, na hapo nikakuta imeandikwa waziwazi kwamba hao watapanga saa na siku zao kwa makubaliano kati yao. Nikaisoma kwa sauti. Nikamuuliza kama makubaliano ni kitu cha mtu mwenye digrii peke yake. Akasema sehemu ile iliandikwa na watu wengine. Nikasema hilo tumeliona. Rafiki yangu akanishika mkono nikae, na nikakaa.

Tulijaribu njia zote ambazo watu wetu hujaribu. Kwanza nikasema tubadilishane madaraja yenyewe. Mimi niwe mpishi mkuu kwa karatasi, yeye awe msaidizi, Jumamosi iwe yangu kwa haki na Jumapili yake. Alikuwa tayari kushuka. Alisema cheo si kitu, mwiko ni ule ule. Kisha tukakumbuka kadi. Daraja la chini linatibu mfanyakazi peke yake. Akishuka, Sabato inabaki, kadi ya mtoto inaondoka. Hakuna aliyelitaja tena.

Tukaenda kwenye ofisi za utawala. Jengo ni moja, ukumbi wa kupita ni mmoja. Mlango wa kushoto ni wa chuo, wa kulia ni wa kampuni, na mtu akiwa ndani ya mmoja anasikia simu ya mwingine ikilia. Kulia walituambia kanuni zinatungwa na baraza la chuo, tuulize kushoto. Kushoto walituuliza namba ya kazi, wakaitazama, wakasema sisi ni wafanyakazi wa kampuni, tuulize kulia. Rafiki yangu alishukuru kila mlango. Mimi niligonga wa kushoto mara ya pili kwa kiganja kizima, na mwanamke mmoja akatoka akaniambia hii ni ofisi, si soko. Nikamwambia sokoni angalau mtu anajua bidhaa ni ya nani.

Tulipotoka nje nilimgeukia yeye. Sijui kwa nini mtu huwakasirikia wale wanaoumia. "Dada, ungesema ndiyo tu," nikamwambia. "Neno moja. Ungeua nani?"

Akafikiri. Huwa anafikiri kabla ya kujibu hata swali la chumvi. "Ningesema ndiyo," akajibu, "halafu Sabato nikienda kufundisha watoto wadogo, ningewafundisha nini?"

Alikuwa mwalimu wa darasa la watoto kanisani kwao. Nilijua hivyo, lakini sikuwa nimewahi kulipima. Kwangu kanisa ni mahali ninapokwenda kuimba na kurudi. Kwake ndipo mahali palipobaki baada ya mumewe kufa, ndipo penye watu waliomjengea jiko, ndipo mtoto anapoombewa kwa jina. Alipoenda kwa mzee wa kanisa kuomba ushauri, alikuwa anaenda kwa mtu aliyemsomesha Biblia tangu akiwa msichana. Mzee alimsikiliza. Alimwambia kuwapikia wagonjwa siku ya Sabato ni tendo la huruma, Bwana mwenyewe aliponya siku hiyo. Kuwapikia watu wa harusi ni kazi. Hakumlaani. Alisema dhamiri ni yake, na mtoto ni wake, na kanisa halitamfukuza. Ila anayefanya kazi Sabato hawezi kusimama mbele ya watoto akiwafundisha kuitunza.

Aliponisimulia hayo nilitaka kwenda kumwona huyo mzee. Akanikataza. "Amesema ukweli," akaniambia, na nilimchukia kidogo kwa utulivu wake. Ningependa alie. Ningependa atukane hata sufuria. Badala yake aliendelea kukatakata vitunguu vyembamba, kimya, na mimi nikawa natukana kwa niaba ya sisi wote wawili.

Alikuwa amepewa muda wa kuamua. Katikati ya muda huo binti yake akashikwa. Ilikuwa mchana, baada ya mvua, shuleni wakamwita mama, mama akaniita mimi. Tulimkuta amejikunja kwenye benchi la ofisi ya mwalimu, ameshika goti, hatoi sauti. Hospitalini mwanamke wa dirishani akauliza kama kuna bima. Rafiki yangu akafungua Biblia, akatoa kadi. Ikapitishwa kwenye mashine. Yule mwanamke akasema, "Iko sawa," bila hata kuinua macho, na milango ikaanza kufunguka: kitanda, maji ya mshipa, dawa ya maumivu. Kando yetu kulikuwa na mwanamume mwenye mtoto mwenye ugonjwa huo huo, hana kadi, anapiga simu kwa ndugu mmoja baada ya mwingine. Rafiki yangu alimtazama kwa muda mrefu.

Mtoto alipolala, alikaa ukingoni mwa kitanda akiikunja kanga yake, akiikunjua. "Nitasaini," akasema.

Nikasema, "Dada."

"Nitasaini, nyar Kuria. Mungu ananiona. Kama atakasirika, akasirike na mimi. Mtoto asimguse."

Hapo ndipo nililia mimi, mwenye mdomo mkubwa. Yeye alinipa kanga nijifute.

Alisaini siku iliyofuata, na mimi pia nikasaini yangu. Meneja alitupongeza kwa kuthibitishwa kazini. Mlangoni wakaweka mashine ya kidole, ili kila daraja lionekane limeingia na limetoka lenyewe. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyekatwa mshahara. Kwa kweli wa rafiki yangu uliongezeka kidogo. Mtu akisoma kanuni zile kutoka mwanzo hadi mwisho, hatakuta mahali palipoandikwa kwamba kuna mtu atanyang'anywa kitu.

Jumamosi ya kwanza sikuwa na zamu, lakini nilienda. Nilisema nimesahau mwavuli. Nilimkuta amevaa gauni lake la kanisani, lile jeupe lenye kola ya bluu, chini ya aproni. Kulikuwa na harusi. Alikuwa anakaanga samaki, mafuta yanaruka, na gauni lilikuwa tayari na matone kwenye mkono. Nikaunyoosha mkono wangu kuchukua mwiko. Hakunipa. Alielekeza kidevu kwenye mashine ya mlangoni. "Kidole chako hakimo leo," akasema. "Nenda nyumbani, usiniletee maneno." Chakula kilikuwa kizuri. Bibi harusi alikuja hadi jikoni kumshukuru, akampigia magoti, na rafiki yangu akambariki.

Mimi pia nilipoteza Jumapili yangu, sitajifanya sikuipoteza. Sauti ya pili sasa inaimbwa na mwalimu mmoja wa chekechea ambaye hafiki noti za chini. Lakini kanisa letu lina misa ya Jumamosi jioni, saa kumi na moja, na padre anasema inahesabika. Mimi nina mlango wa pili. Wasabato hawana Sabato nyingine ya kumwazima mtu. Nililifikiria hilo siku nyingi nikiwa njiani kwenda misa, nikaona aibu, ingawa sikujua naona aibu mbele ya nani.

Kilichobaki ni mtoto. Kanisa lao liko juu mlimani, na njia yake inamchosha. Mama yake ndiye aliyekuwa akimpeleka, wakipumzika kila penye kivuli, na chupa ya maji, na sweta hata kukiwa na jua. Binti hakutaka kuacha kwenda. Wala mama hakutaka aache. Basi, bila kujadili, nikamwambia rafiki yangu kwamba Jumamosi yake niliyokuwa nikiishika jikoni, sasa nitaishika upande wa pili. Yeye apike, mimi nitapanda mlima.

Ndivyo mimi, Mkatoliki wa Kehancha, nilivyoanza kuketi katika kanisa la Wasabato kila Jumamosi na chupa ya maji mapajani. Siku ya kwanza walinisimamisha kama mgeni. Wakanikaribisha kwa wimbo, wakaniuliza nimetoka wapi na nimeletwa na nini. Kabla sijafungua kinywa, msichana akasimama kando yangu. "Anti amekuja mahali pa mama," akasema. "Mama yuko kazini kwa ajili yangu." Alisema hivyo mbele ya kanisa zima, bila kuinamisha kichwa, na nikajua kwamba hakuna aliyemwambia, amelitambua mwenyewe, na ataishi nalo. Watu wakasema amina kwa sauti za chini. Wengine walikuja baadaye kunishika mkono. "Mwambie tunamkumbuka. Mwambie Sabato njema."

Jioni, jua likishazama, rafiki yangu alikuwa anarudi nyumbani na kunikuta nikimngoja na mtoto. Alikuwa anakaa kwenye ngazi ya mlango, anavua viatu, na kuniuliza kwa utaratibu ule ule. Mtoto amekunywa maji? Somo lilikuwa lipi? Wameimba nini? Mimi si msikilizaji mzuri wa mahubiri, lakini kwa ajili ya ngazi ile nilijifunza. Nilikuwa nakariri mafungu ya Biblia njiani tukishuka, binti akinisahihisha. Nikimwimbia ubeti kwa sauti yangu ya kwaya ya Kikatoliki, alikuwa anatikisa kichwa kwamba tumeuvuta sana, kisha anaufuata kwa midomo.

Swali la mwisho lilikuwa hili: "Wameniuliza?"

"Wamekuuliza," nilikuwa najibu, na kumtajia nani na nani. Mama mwenye duka la nafaka. Mzee wa kanisa mwenyewe. Watoto wa darasa lake, ambao walitaka kujua kama amesafiri. Alikuwa anasikiliza kila mmoja, na uso unalegea.

Miezi ikapita. Darasa la watoto likapata mwalimu mwingine, mwanamke mchangamfu mwenye kinanda kidogo, na watoto wakampenda. Sina la kumlaumu. Waliokuwa wakiuliza wakapungua, wala si kwa ubaya. Mtu asipoonekana kwa muda mrefu, kiti chake hujaa. Yule wa nafaka akawa ananisalimia mimi kama mimi, anauliza habari za Kehancha, bei ya mahindi huko. Nikaanza kukaa karibu na mlango baada ya ibada, nikijipitisha mbele ya watu, nikiwapa nafasi.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo hakuna aliyeuliza. Tulisimama uani hadi watu wa mwisho wakafunga madirisha. Msichana alinitazama, nami nikamtazama. Tukashuka mlima tukikariri fungu.

Jioni ile rafiki yangu alichelewa kidogo. Kulikuwa na semina na wageni walikuwa wengi. Alifika miguu imevimba, akakaa ngazini, akavua viatu. Akauliza maji. Akauliza somo. Akauliza wimbo, nikamwimbia, akanifuata kwa midomo. Binti alikuwa amesimama mlangoni nyuma yetu.

"Na leo, wameniuliza?"

"Wee," nikasema, "wamekuuliza mpaka nimechoka kujibu. Kanisa zima."

Mwanamke aliyeshindwa kumdanganya mtu wa mishahara kwa neno moja, hata kwa ajili ya Sabato yake mwenyewe, alinitazama mimi na kumtazama mtoto wake, na nikaona kwamba amejua. Nikangoja aniulize ni nani na nani. Hakuuliza.

"Ero kamano, nyar Kuria," akanishukuru. "Umewasalimia?"

"Nimewasalimia wote," nikajibu.

Akashukuru tena, akanyanyuka kwa kushika fremu ya mlango, akaingia ndani kumpashia mtoto maji ya kuoga.